Ripoti ya Lwanzari na Visanduku Kumi na Vitano

Nchi yetu ipo, msiwe na shaka. Ramani zinatofautiana kidogo kuhusu mahali ilipo, lakini wimbo wa taifa tunao na foleni tunazo, na pakiwa na vitu hivyo viwili mahali hapo ni nchi. Naisimulia habari hii kwa sababu nilikuwamo tangu mwanzo, na kwa sababu nikinyamaza itasimuliwa na Idara ya Habari, ambayo ina sauti nzuri kuliko yangu.

Jina langu ni Hilali Mkumbwa. Nilikuwa mkutubi kwa miaka kumi na tisa, mpaka serikali ilipofunga maktaba kuu ili ipate jengo la kuiweka Wizara ya Maarifa. Vitabu viliondolewa. Mimi nilihamishiwa wizarani pamoja na meza.

Wizara ilikuwa na tovuti, nayo ilikuwa na nyaraka elfu kumi na moja zilizopandishwa na watu wenye haraka ya kwenda kunywa chai. Moja iliitwa "skani 0047". Nyingine iliitwa "mwisho", nyingine "mwisho kabisa", na nyingine "mwisho kabisa hii ndiyo". Mwananchi aliyetafuta fomu ya cheti cha kuzaliwa aliletewa hotuba ya kuzaliwa kwa taifa, kurasa tisini. Mama mmoja aliyetafuta utaratibu wa talaka aliletewa mkataba wa mpaka baina yetu na jirani zetu, na nasikia aliutumia hivyohivyo na ukamfaa.

Siku moja Waziri wetu, Mheshimiwa Dakta Bukombwe, alirudi kutoka mkutano wa ng'ambo akiwa na begi la zawadi na neno moja jipya. Neno lenyewe lilikuwa metadata. Alilitamka kwenye kikao cha asubuhi mara sita, na kila alipolitamka wakurugenzi walitikisa vichwa kwa heshima. Kisha akanigeukia mimi niliyekuwa nimekaa karibu na mlango.

"Wewe si ndiye uliyekuwa unapanga vitabu? Hebu waeleze wenzako hii kitu ni nini. Mimi ninajua."

"Ni maelezo ya kitu, Mheshimiwa, siyo kitu chenyewe," nikasema. "Ni kama gunia sokoni. Ukibandika karatasi inayosema huu ni mchele, umetoka wapi, umevunwa lini na nani, mnunuzi hana haja ya kutoboa gunia. Nyaraka nazo hivyohivyo. Nchi nzima tukikubaliana kuandika maelezo ya namna moja, katika visanduku vya aina moja, kompyuta ya hospitali itauelewa waraka wa idara ya maji, na ya shule itauelewa wa hospitali. Watapeana habari bila mtu kupanda basi. Anayetafuta atapata."

"Anayetafuta atapata," Waziri akarudia, akifumba macho. "Hiyo naichukua."

Aliichukua kweli. Baada ya wiki mbili ilikuwa kwenye kofia.

Nilifurahi, na furaha yangu ilikuwa ya kweli. Nalisema hili mapema ili msidhani nilikuwa mtu mbaya. Ningekuwa mtu mbaya, kuisimulia habari hii kungekuwa rahisi zaidi.

*

Kiwango cha Taifa cha Maelezo ya Nyaraka kilikuwa na visanduku kumi na vitano. Kila waraka uliotaka kuingia kwenye tovuti ya serikali ulipaswa kujaziwa vyote: Kichwa, Mwandishi, Mada, Mahali, Tarehe, Walengwa, na vingine tisa ambavyo havikuwahi kumdhuru mtu. Nilivitunga mimi kwa miezi mitatu, nikipima kila neno, na nilipomaliza nilivitazama jinsi fundi seremala anavyotazama kabati ambalo droo zake zinafunga bila kukwama.

Kisha viongozi wakaja kuviboresha.

Walianza na kisanduku cha Mwandishi. Mheshimiwa Waziri aliuliza nyaraka hizi ziliandikwa chini ya uongozi wa nani. Tukajibu, chini ya uongozi wako. "Basi," akasema kwa unyenyekevu, "tusiwachanganye wananchi." Kufikia mwisho wa mwezi alikuwa mwandishi wa nyaraka zote elfu kumi na moja, pamoja na sheria ya mifugo iliyotungwa miaka saba kabla hajazaliwa, na utabiri wa mvua wa kila siku. Mvua za masika zilipochelewa, wakulima walimwandikia yeye.

Kisanduku cha Mada kiliundiwa kamati. Hapa nikiri kwamba wazo lilikuwa langu na lilikuwa sahihi: huyu akiandika gari na yule akiandika motokaa, anayetafuta atapata nusu, kwa hiyo iwepo orodha moja ya maneno na kila mtu aifuate. Kamati ilikaa miezi sita katika hoteli yenye bwawa la kuogelea, ikarudi na maneno arobaini. Yalikuwamo Maendeleo, Mafanikio, Mafanikio Zaidi, Ustawi, Uzinduzi na Pongezi. Mjumbe mmoja alipendekeza neno Njaa. Mwenyekiti akamwelewesha: "Njaa ni kukosekana kwa chakula. Hatuwezi kuainisha kitu ambacho kimekosekana." Nyaraka za njaa zikawekwa chini ya Lishe na Fursa Zake.

Kisanduku cha Mahali kilitaka majina rasmi, na majina rasmi yalikuwa yamebadilishwa mwaka uleule. Mji wa Lwanzari, wenye kiwanda cha ngozi na watu elfu ishirini, uliamka asubuhi moja ukiwa unaitwa Neema Kuu. Watu wa Lwanzari hawakupata habari hiyo mara moja, kwa kuwa tangazo lenyewe liliwekwa kwenye tovuti, chini ya Pongezi.

Kisanduku cha Walengwa mimi nilikiweka ili waraka wa walimu uwafikie walimu kwanza. Mkurugenzi wangu, Bi. Fortunata Chogero, akaongeza kanuni ndogo: asiye mlengwa asioneshwe kabisa, tusimchoshe.

Nilipinga? Nilikohoa. Katika wizara yetu kukohoa kulihesabiwa kuwa upinzani mkali.

Na pamoja na yote hayo, Kiwango kilifanya kazi. Fomu za cheti cha kuzaliwa zilipatikana. Shule moja ya mpakani ilipata mtaala wote kwa dakika mbili. Nilipokea barua ya shukrani kutoka kwa mkutubi wa nchi jirani ambaye kompyuta zake zilizisoma lebo zetu bila shida, nami niliibandika ukutani. Nilijiambia maneno arobaini yataongezeka taratibu. Nilijiambia mambo mengi ya aina hiyo.

*

Ripoti ya Lwanzari ilinifikia tarehe kumi na tisa Februari. Aliyeiandika alikuwa mkemia wa serikali aitwaye Ezra Mwandalima, mtu asiyejua kupamba. Alikuwa amepima maji ya visima vyote vya mji ule. Kurasa zilikuwa sitini na mbili, na zilisema kwamba visima namba tatu, tano na nane vilikuwa na sumu kutoka mtaro wa kiwanda cha ngozi, kwamba sumu hiyo huharibu figo polepole, na kwamba watu waache kuyanywa maji hayo siku hiyohiyo. Alikuwa ameandika "siku hiyohiyo" kwa herufi kubwa.

Kazi yangu ilikuwa kujaza visanduku. Sikulazimika kuisoma. Niliisoma yote.

Bi. Chogero alikuja mezani kwangu mwenyewe, jambo ambalo hakuwa akilifanya.

"Hilali, ile ya Neema Kuu umeiona?"

"Nimeisoma, Mkurugenzi."

"Kuisoma?" Akavuta kiti. "Ulikuwa na haja gani? Haya. Unajua Mheshimiwa anakwenda kule Jumamosi kuzindua upanuzi wa kiwanda."

"Basi labda tusiiweke kwenye tovuti kwanza," nikasema. Naona aibu kusema kwamba pendekezo hilo lilikuwa langu.

Alinitazama kama mtu aliyetukanwa. "Tusiiweke? Sisi ni serikali ya uwazi, Hilali. Sheria inasema kila ripoti iwekwe ndani ya siku saba, na itawekwa leo. Sisi hatufichi. Tunaainisha."

Akasimama, akanigusa bega. "Nakuamini," akasema, akaenda zake.

Hakuniambia niandike nini. Hilo ndilo ninalotaka lijulikane. Hakuna aliyenishika mkono. Mtu aliyefanya kazi maktaba anajua kwamba kukipoteza kitabu hakuhitaji moto. Unakirudisha kwenye rafu isiyo yake, basi, kinakaa humo miaka thelathini bila kulia. Nchi nzima ilikuwa na mtu mmoja tu mwenye ujuzi huo kamili, naye ndiye mimi.

Kwenye Kichwa, badala ya "Sumu katika Visima Namba 3, 5 na 8, Mji wa Lwanzari", niliandika "Upimaji wa Maji: Toleo la Nne". Toleo la kwanza, la pili na la tatu hayakuwapo. Niliandika la nne kwa kuwa hakuna anayefungua la nne kabla ya kuliona la kwanza. Kwenye Mwandishi niliandika Mheshimiwa. Kwenye Mada niliandika Mafanikio, ambako zilikuwako nyaraka elfu nne. Kwenye Mahali, Neema Kuu. Kwenye Walengwa niliandika Vizazi Vijavyo, na mfumo, kwa kuwa ni mtiifu, ukawaficha wote waliokwisha kuzaliwa.

Ilinichukua dakika saba. Kisha nikaenda kula. Ilikuwa siku ya pilau, na nilikula nikaongeza.

Kesho yake mkemia alipiga simu. "Ndugu yangu, ile ripoti imewekwa?"

"Imewekwa, Bwana Mwandalima."

"Ahsante sana. Niliwaambia watu wa kule waitafute kwenye tovuti. Sasa nitalala vizuri."

Sikumdanganya. Ilikuwa imewekwa.

*

Mwezi wa tatu walikuja wakaguzi wa Kiwango. Walipitia nyaraka mia moja kwa kuchagua bila mpangilio, na ripoti ya Lwanzari ilikuwa mojawapo. Ilipata alama mia kwa mia. Visanduku kumi na vitano, vyote vimejaa, hakuna neno nje ya orodha. Nilipewa cheti chenye utepe, na Mheshimiwa Waziri, kwenye hafla, aliuliza kwa sauti ya kutetemeka: "Kuna taifa gani jingine ambalo kila kitu chake kinajulikana kilipo?" Tukapiga makofi. Mimi nilijua kilipo.

Sasa, mfumo wetu ulikuwa na daftari lake. Kila neno ambalo mtu yeyote nchini aliliandika akitafuta kitu, daftari lilihifadhi, pamoja na mahali alipoandikia. Ilikuwa kazi yangu kulisoma kila Jumatatu ili tujue wananchi wanahitaji nini. Mwanzoni mwa mwezi wa tatu niliona mstari kutoka kompyuta ya zahanati ya Lwanzari.

"matokeo ya kupima maji lwanzari"

Mfumo ulikuwa umemjibu: "Hakuna kilichopatikana. Je, ulikusudia kuandika: mafanikio?"

Jumatatu iliyofuata: "visima lwanzari salama". Hakuna kilichopatikana. Iliyofuata: "maji yana ladha ya chuma". Hakuna kilichopatikana. Je, ulikusudia kuandika: uzinduzi?

Ikawa kila Jumatatu. Nilianza kufika ofisini mapema kabla wenzangu hawajaingia, nikafunga mlango, nikasoma. Mwezi wa nne: "kuvimba miguu wagonjwa wengi mtaa mmoja". Mwezi wa tano: "figo kisima sumu kiwanda cha ngozi". Huyo mtu, yeyote aliyekuwa, alikuwa amefika palepale alipofika mkemia, peke yake, bila maabara, na bado mfumo wangu ulimuuliza kama alikusudia kuandika ustawi. Mwezi wa sita aliandika: "nani wa kumuuliza kuhusu maji".

Niliusoma mstari huo mara nyingi. Ningeweza kubadilisha kisanduku kimoja tu. Kidole kimoja, sekunde tano. Nilikuwa nafungua ukurasa, naweka mshale kwenye Walengwa, halafu nasikia mtu anapita kwenye korido, nafunga. Mara nyingine hakupita mtu yeyote, nami nilifunga vilevile. Nyumbani mke wangu aliniuliza kwa nini siku hizi nachemsha maji mara mbili. Nikamwambia ni tahadhari tu.

*

Mwishoni mwa Julai aliingia mwanamke mmoja kwenye ukumbi wa wananchi, akiwa na sare nyeupe ya uuguzi iliyokunjika kwa safari. Alikuwa amesafiri kwa basi siku mbili. Karani wa dirishani alimpa fomu ya kuomba waraka, na fomu hiyo, kwa uchungu naikumbuka, niliitunga mimi. Ilikuwa na visanduku kumi na vitano. Cha kwanza kilisema: Andika kichwa kamili cha waraka usioupata.

"Kama ningekijua kichwa ningeupata," mwanamke akasema.

"Ndiyo, dada," karani akajibu, "lakini bila kichwa hatutajua ni upi huo usioupata."

Walibishana kwa adabu karibu nusu saa, mpaka karani akachoka akanipigia simu. "Bwana Hilali, kuna mtu wa Lwanzari hapa. Njoo umsaidie."

Nilishuka ngazi.

"Habari za safari, dada. Mimi ni Mkumbwa."

"Nzuri, kaka. Naitwa Sikujua Mwanandenje, muuguzi wa zahanati ya Lwanzari." Akaniona nimeshtuka. "Ndiyo, ni jina. Mama yangu hakujua kama ana mimba mpaka mwezi wa sita. Watu hucheka, wewe cheka tu."

Sikucheka. Maneno pekee niliyokuwa nimeyaandaa kwa miezi mitano, iwapo siku moja nitaulizwa, yalikuwa hilo jina lake. Na nilijua. Nilijua tangu ukurasa wa kwanza.

Nilimkaribisha kwenye meza ya kompyuta. Akaniambia akiwa amesimama. Mkemia alikuja, akachukua maji kwenye chupa ndogo, akasema majibu yatakuwa kwenye tovuti. Majibu hayakuja. Watu wakaanza kuvimba. "Wanne tumewazika," akasema. "Fundi Makwaya wa baiskeli, aliyekufa mwezi wa sita. Mwalimu Nyamizi. Bibi mmoja na mjukuu wake, nyumba moja. Wengine tisa ninao wodini na sijui niwaambie wanywe nini. Nimeandika barua wilayani, wakanijibu Lwanzari haipo, niandike upya kwa jina sahihi. Kaka, mimi siombi dawa. Nataka kujua kisima kipi."

Nikakaa kwenye kiti. Nikaandika "Upimaji wa Maji: Toleo la Nne", nikaingiza namba yangu ya siri, nikaondoa kanuni ya Walengwa. Ripoti ikajitokeza. Ilikuwa imechukua muda mfupi kuliko anaochukua mtu kufunga kamba za viatu.

"Hii hapa," nikasema.

Alisogea, akasoma jalada, akasoma ukurasa wa pili. Aliweka kidole kwenye namba za visima, tatu, tano, nane, na niliuona ule mkono ukitulia. Kisha akanigeukia.

"Hukutafuta," akasema.

"Sikuelewa."

"Umeelewa. Hukutafuta. Umekwenda moja kwa moja. Kichwa hiki hakina Lwanzari, hakina kisima, hakina sumu. Ulijuaje kwamba ndiyo hii?"

Karani wa dirishani alikuwa ameacha kupiga mihuri. Ningeweza kusema ni uzoefu wa kazi.

"Niliiweka mimi," nikasema. "Mwezi wa pili. Niliandika hivyo ili isionekane. Kila Jumatatu nilikuwa naona unachoandika."

Hakupiga kelele. Natamani angepiga. Alinitazama kwa muda, jinsi wauguzi wanavyomtazama mtu kabla ya kuamua aende wodi gani, kisha akasema, "Nichapishie. Nakala tatu. Basi linaondoka saa nane."

Mashine ilichapisha kurasa mia moja themanini na sita. Karani alitaka kuzigonga muhuri. Nilimzuia. Muuguzi Sikujua alizifunga nakala kwa kanga, akaondoka bila kuniaga.

*

Nilirudi juu nikakaa mbele ya ukurasa ule. Kwenye Kichwa niliandika maneno ya mkemia kama alivyoyaandika. Kwenye Mwandishi niliandika Ezra Mwandalima. Kwenye Mahali: Lwanzari. Kwenye Walengwa: Wote. Kwenye Mada niliandika Sumu, na mfumo ukaniuliza kwa wino mwekundu kama nina uhakika, kwa kuwa neno hilo halimo kwenye orodha. Nikabonyeza ndiyo. Kulikuwa na kisanduku cha mwisho kabisa, Mchangiaji, ambacho siku zote tulikijaza neno "Hakuna". Humo niliandika: "Ilifichwa kwa miezi mitano na Hilali Mkumbwa, mkutubi."

Lililotokea baadaye nililijua kabla, maana ndiyo kazi niliyoijenga. Ndani ya saa moja kompyuta za hospitali zote ziliupokea waraka ule na kuuelewa. Idara za maji, shule, magazeti, na mkutubi wa nchi jirani, wote waliupokea. Jioni hiyo redio ilisoma namba za visima. Muuguzi alipofika nyumbani alikuta watu wamekwisha kuvifunga kwa minyororo ya baiskeli kutoka banda la marehemu Makwaya. Kiwango kilifanya kazi vizuri kuliko nilivyoota, na kila kilichofanyika siku ile kingeweza kufanyika tarehe kumi na tisa Februari.

Nilipanga vitu vyangu kwenye mfuko nikangoja kukamatwa. Siku ya tatu Mheshimiwa Waziri alizungumza na taifa. "Ndugu wananchi," alisema, "kuna watu walibeza Kiwango chetu. Leo nawauliza: Lwanzari imeokolewa na nini? Imeokolewa na visanduku kumi na vitano! Anayetafuta?" Na umati ukajibu, "Atapata!" Upanuzi wa kiwanda ulisimamishwa kwa muda ili uwanja wake utumike kwa sherehe za uokoaji.

Mimi niliitwa kwenye Kamati ya Nidhamu. Mashtaka yalikuwa mawili: kutumia neno lisilo kwenye orodha, na kumwondolea Mheshimiwa uandishi wa ripoti moja.

"Mwenyekiti," nikasema, "mimi niliificha ripoti ile miezi mitano."

Mwenyekiti alipekua karatasi zake. "Hilo halimo."

"Watu wanne wamekufa."

"Bwana Mkumbwa, mwezi wa pili ulijaza visanduku vyote kwa mujibu wa Kiwango. Wakaguzi walikupa mia kwa mia, cheti unacho. Kamati haiwezi kumwadhibu mtu kwa kazi nzuri." Akamgeukia katibu. "Andika kwamba mshtakiwa aliongeza maneno."

"Nawaomba mniandikie kosa," nikasema.

"Utaratibu wa kuomba kosa haupo," akasema kwa upole, na naamini alikuwa anajaribu kunisaidia.

Niliondolewa kwenye visanduku, nikapewa ufunguo wa stoo ya karatasi. Bi. Chogero alinipitia siku moja akaniambia, "Ulinivunja moyo, Hilali. Nilikuamini." Nilimjibu kwamba hapo ndipo tulipokosea sote wawili.

*

Mwezi wa tisa nilichukua likizo, nikapanda basi kwenda Lwanzari. Nilimkuta Muuguzi Sikujua anampima mgonjwa presha kwenye baraza la zahanati. Hakusimama.

"Nilikuita?"

"Hapana, dada."

"Umefuata nini?"

"Sijui. Huko hakuna aliyetaka kuniadhibu."

Akatoa kifaa kwenye mkono wa mgonjwa, akaandika namba kwenye kadi yake, taratibu. "Mimi nina wagonjwa saba. Walikuwa tisa, wawili wameruhusiwa, wamepona. Sina nafasi ya kukuadhibu." Akanyoosha kidole upande wa barabara. "Nyumba yenye mlango wa bati la kijani ni ya Bi. Zamoyoni, mke wa Fundi Makwaya. Nenda ukamwambie mwenyewe. Usimpelekee zawadi."

Bi. Zamoyoni alikuwa anachambua maharage mlangoni. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mwembamba, na alinikaribisha mkekani kabla sijasema mimi ni nani. Aliingia ndani akaniletea maji kwenye kikombe cha bati, jinsi mgeni anavyoletewa. Nikakishika. Nikayatazama.

"Ya lori hayo," akasema. "Ya kisimani hatunywi tena. Ulidhani nitakupa yale?"

Nilikuwa nimedhani. Nilikunywa yote, na aibu niliyoimeza siku hiyo ilizidi ya kamati na ya karani wa dirishani kwa pamoja. Kisha nikamwambia. Nilimwambia kwa mpangilio, tarehe, visanduku, Toleo la Nne, ile pilau, Jumatatu zote. Alikuwa ameacha kuchambua, lakini mikono ilibaki ndani ya ungo.

"Kwa hiyo wewe uliisoma," akasema mwishoni.

"Niliisoma, mama."

"Yote?"

"Kurasa zote sitini na mbili."

Akanyanyuka, akaingia ndani, akarudi na nakala. Ilikuwa moja ya zile tatu, pembe zimejikunja. "Muuguzi Sikujua alituachia hii," akasema. "Redio walisema namba tu. Mimi kusoma sijui, na majirani wanaosoma wanafika katikati wanalia, wanaondoka. Wewe uliweza kuimaliza na ukaenda kula." Akaniwekea magotini. "Nisomee."

Nikaanza na jalada. Nilisoma jina la mkemia, nikasoma yaliyomo, nikasoma vifaa alivyotumia. Pale alipotaka nieleze nilieleza, na pale nilipotaka kuruka jedwali alisema, "Usiruke." Watu wawili watatu walipita barabarani wakasimama, wakakaa. Jua lilihama upande wa pili wa nyumba. Kwenye ukurasa wa thelathini na moja kulikuwa na kisima namba tatu, kilicho nyuma ya banda la baiskeli, na chini yake siku ambayo majibu yake yalithibitishwa.

"Rudia hiyo tarehe," akasema Bi. Zamoyoni.

"Tarehe kumi na nne Februari."

Akahesabu kwa vidole.

"Siku hizo alikuwa mzima," akasema. "Alikuwa anajenga ule uzio pale. Alikuwa akisikia kiu ananiita mimi nimpelekee maji."

Nilitaka kusema pole, na nilijua sina haki ya neno hilo. Nikazilaza karatasi kwenye mkeka.

Bi. Zamoyoni aliziokota, akazipanga pembe kwa pembe, akanirudishia.

"Endelea," akasema. "Bado nusu."